Marubani wasiuze ratiba zao kwa bei ya kutupa

Marubani wa shirika lolote la ndege wakianza kubishana kama wahamie kwenye ratiba zinazopangwa na kompyuta kwa kufuata matakwa ya kila mmoja, ubishi huishia kwenye programu yenyewe: nzuri au mbovu? Kwangu hilo ni swali dogo. Ninachotaka kujua ni mfumo huo unaokoa nini, kinachookolewa kilikuwa mfukoni mwa nani, na anayekitoa atalipwa nini.

Katika utaratibu wa zamani, kampuni hutengeneza ratiba nzima nzima za mwezi, ikazitangaza, na marubani wakazigombea kwa ukongwe kazini. Aliyetangulia kuajiriwa ndiye anayetangulia kuchagua. Southwest na UPS za Marekani wameishi na utaratibu huo miaka mingi. Kwenye mfumo wa matakwa, ambao Delta, United, American na Air Canada wanautumia, hakuna ratiba iliyokwisha kupikwa. Rubani anaandika anachokitaka, kompyuta inamjengea mkongwe wa kwanza mwezi wake, inashuka kwa wa pili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho.

Na matakwa yenyewe yanaweza kuwa ya kina. Nipewe mapumziko tarehe 24 hadi 26. Nisiripoti kazini kabla ya saa 3 asubuhi. Safari za siku tatu kwanza, za siku nne zikikosekana. Kuna mashirika yanayomruhusu hata rubani msaidizi kuandika kwamba hataki kuruka na kapteni fulani. (Wapo makapteni ambao wangefaidika sana kuonyeshwa ni wangapi wamewaandika.) Mpangilio wa maombi una uzito wake: ukiweka la chini juu, usishangae ukipewa mji unaoupenda ukanyimwa siku ya harusi ya mdogo wako.

Ukiishia hapo, utajiuliza nani anaweza kuukataa mfumo huu. Tuje kwenye likizo.

Chukua rubani mwenye likizo tarehe 10 hadi 16. Kwenye ratiba ya zamani aliyoshinda, kuna safari inayoanza tarehe 8 na kuisha 11, na nyingine ya tarehe 15 hadi 18. Zote mbili zinagusa likizo yake. Pale ambapo mkataba unaruhusu, zinaondolewa zima zima, na mara nyingi malipo yake yanabaki. Siku saba zimekuwa kumi na moja. Kama kabla na baada ya hapo alikuwa na mapumziko ya siku tatu tatu, yuko nyumbani tangu tarehe 5 hadi 21. Marubani wazoefu huchagua ratiba kwa jicho hilo hilo, na sioni ujanja wowote ndani yake; ni haki iliyoandikwa kwenye mkataba wa hali bora, ikapiganiwa, pengine badala ya nyongeza ya mshahara.

Lakini safari zile mbili lazima zirushwe na mtu. Zinaangukia kwa rubani wa akiba, au kwa anayelipwa zaidi kufanya kazi siku yake ya mapumziko. Mfumo wa matakwa unaifuta hesabu hiyo yote: likizo na mafunzo huingizwa kwanza, kisha kompyuta inajenga mwezi kuyazunguka, hakuna safari inayogongana na chochote. Kwa hiyo kazi ile ile inafanywa na marubani wachache zaidi. Hilo ndilo linaloifanya kampuni iupende mfumo huu, hata kama kwenye mikutano inasifia uhuru wa kuchagua. Siilaumu kwa kutafuta unafuu, maana gharama ya wafanyakazi hushindana na mafuta kwa ukubwa. Ila unafuu huo unatoka mikononi mwa marubani, na kila nafasi ya ajira isiyohitajika tena ni mtu aliyechelewa kupanda kuwa kapteni.

Jambo la pili huwa halisemwi waziwazi kwa sababu linagusa wenyewe kwa wenyewe. Ratiba ya zamani ilikuwa kama kununua kwa fungu: ukitaka mazuri ya juu, unabeba na yaliyofichwa chini. Mkongwe aliyetaka safari nzuri za nje alilazimika kumeza na Jumamosi mbili za kazi, na mapumziko ya Jumamosi hizo yakaweza kumwangukia kijana wa chini kwenye ratiba nyingine, mbovu kwa mengine yote. Mfumo wa matakwa unamruhusu mkongwe kuchagua moja moja. Anayeshika nafasi ya 30 kwa ukongwe anapata karibu kila alichoomba. Wa 300 anabaki na makombo. Wanaosema mfumo huu unawasaidia vijana hawadanganyi kabisa, kwa kuwa kijana anaweza kuomba siku moja anayoihitaji sana na pengine akaipata. Desemba ikifika, hata hiyo haipo.

Halafu kompyuta ina kazi nyingine: kuhakikisha waliobaki chini wanatosha kurusha safari zilizobaki. Ikiona tarehe fulani itakosa watu, inaweza kumbana rubani wa katikati aende kazini, ingawa hakuna mkongwe aliyemnyang'anya siku hiyo. Ikishindwa kummalizia mtu saa zake za mwezi, inaanza kupuuza maombi yake. Rubani anafungua ratiba yake, anaona kazi tarehe 25, na hajui nani wa kumuuliza. Kwenye karatasi za zamani angalau ulimwona aliyekushinda.

Na kompyuta hukosea. Mwaka 2017 hitilafu kwenye mfumo wa ratiba wa American iliruhusu marubani wengi mno kupata mapumziko wakati wa Krismasi. Chama chao, Allied Pilots Association, kilisema safari zaidi ya 15,000 hazikuwa na wafanyakazi wa kutosha. Kampuni ikatangaza kulipa asilimia 150 kwa watakaokubali kuruka, na chama kikalalamika kwamba hakikushirikishwa. Kosa lile liliwapa marubani nguvu ya kujadiliana. Lingekuwa la upande wa pili, kuwabana watu kazini, sidhani kama lingetangazwa haraka hivyo.

Kwa hiyo mimi siupingi mfumo. Napinga kuutoa bure. Nafuu yote ya likizo ipigiwe hesabu na chama, kwa takwimu ambazo chama kimezikagua chenyewe, na irudi kama saa za malipo, siku za likizo au vyote. Vigezo vya ndani ya programu viandikwe kwenye mkataba ili meneja asiweze kuvibadilisha usiku, na rubani aliyenyimwa aelezwe sababu kwa lugha ya binadamu. Kabla ya marubani kupiga kura, mifumo yote miwili iendeshwe sambamba kwa miezi kadhaa, kisha watu waonyeshwe wangepata nini, wa nafasi ya 30 na wa nafasi ya 300. Miezi hiyo iwe na Desemba ndani yake. Wakileta matokeo ya Februari peke yake, warudishiwe.