Si ngozi ngumu, ni ufundi wa ndani

Kuna mwandishi kaeleza kwa nini bakteria Deinococcus radiodurans hustahimili mionzi mikali mno: kasema "hapenyeki" kwa mionzi. Hapo kateleza. Mionzi inapenya vizuri tu, na DNA yake (molekuli inayobeba taarifa za urithi) inakatika vipande vipande kama ya kiumbe kingine chochote. Ila protini zake za kukarabati zinabaki nzima, maana zinakingwa na madini ya manganizi, na ana nakala kadhaa za jenomu, yaani DNA yake yote, za kulinganishia. Saa chache baadaye vipande vimeshaungwa. Aligunduliwa 1956 huko Oregon, Marekani, ndani ya nyama ya kopo iliyopigwa mionzi ya gama ili isioze. Ikaoza! Na uwezo huo kaupatia wapi, wakati duniani hakuna mionzi ya asili mikali hivyo? Wanasayansi wengi wanautaja ukavu: kukauka nako hukatakata DNA vilevile.