Carli Lloyd: mabao yake tunayataka, ukali wake hatuutaki

Agosti 1, 2023, mjini Auckland, mechi ya Marekani na Ureno ilikuwa kwenye dakika za nyongeza pale Ana Capeta alipopenya na kupiga shuti lililogonga nguzo na kurudi uwanjani. Lingeingia lile, mabingwa watetezi wa Kombe la Dunia la Wanawake wangefungasha virago hatua ya makundi. Mechi ikaisha 0-0, Marekani wakapita kwa kuchechemea, na kamera zikawanasa baadhi ya wachezaji wao wakitabasamu, wakipiga picha na mashabiki na kucheza muziki. Kule studio ya televisheni ya Fox, Carli Lloyd, kiungo wa zamani wa timu hiyohiyo aliyegeuka mchambuzi, hakuona cha kuchekea. Alisema mchezaji bora wa mechi ni ile nguzo, na kwamba timu hii haionyeshi njaa ya kushinda.

Kocha Vlatko Andonovski akajibu kwa hasira kwamba ni upuuzi kutilia shaka moyo wa wachezaji wake. Lindsey Horan, mmoja wa manahodha, akayaita hayo makelele ya nje. Mitandaoni hukumu ikatoka siku hiyohiyo: Lloyd ana uchungu wa kustaafu, na tangu zamani alikuwa mtu wa "mimi kwanza". Tuhuma hii ya pili ndiyo inayonigusa, kwa sababu haikuanza 2023. Imemwandama karibu maisha yake yote ya soka, na wanaoirudia mara nyingi hawajisumbui kuuliza ubinafsi huo ulizaa nini.

Tuanze na hesabu ambayo mimi siichoki. Lloyd alifunga katika fainali tatu kubwa: Olimpiki ya Beijing 2008, Olimpiki ya London 2012 na Kombe la Dunia la 2015 kule Vancouver. Beijing, Marekani waliifunga Brazil 1-0, bao lake, dakika ya 96. Wembley, mbele ya watu 80,203, waliifunga Japani 2-1, mabao yote mawili yake. Vancouver ilikuwa 5-2, Japani tena, na matatu yalikuwa yake. Jumlisha: katika fainali hizo Marekani walipata mabao 8, na 6 yametoka kwa mtu mmoja. Fainali zote tatu walishinda. Tena huyu hakuwa mshambuliaji wa kati anayesubiri krosi. Alikuwa kiungo, mtu ambaye kazi yake ya kwanza kwa karatasi ni kupokonya mpira na kuusambaza. Washambuliaji wakubwa wangapi wamemaliza maisha yao ya soka bila hata bao moja la fainali?

Na tazama alivyofika London. Kabla ya michezo ile kocha Pia Sundhage, yuleyule aliyebeba dhahabu ya Beijing kwa bao la Lloyd, alimtoa kwenye kikosi cha kwanza. Mechi ya ufunguzi na Ufaransa, Glasgow, Shannon Boxx akaumia mapema, dakika ya 17, Lloyd akaitwa kutoka benchi. Marekani walikuwa wameshachapwa mawili. Wakarudi wakashinda 4-2, na bao la tatu, lililowaweka mbele kwa mara ya kwanza, lilikuwa lake. Hakutoka tena kikosini hadi anavaa medali. Mtu angetegemea baada ya hapo aseme namshukuru kocha kwa kunipa nafasi. Yeye hakuficha kwamba aliona amekosewa, na kwamba alicheza ili kumthibitishia.

Wenye jicho la kawaida wanaona kiburi hapo. Mimi naona kitu kilichoanza 2003, alipoachwa kwenye timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 21 na kukaribia kuachana na soka kabisa. Binti wa Delran, New Jersey, mwenye miguu ya dhahabu na pumzi ya mzee: hivyo ndivyo walivyomwona, fundi asiyetaka kukimbia. Baba yake akamtafutia James Galanis, kocha mzaliwa wa Australia aliyekuwa akifundisha huko New Jersey. Galanis alimwambia bila kumung'unya kwamba ufundi anao na mchezo anausoma, ila mwili, akili ya ushindani na tabia havipo. Yaliyofuata ni miaka ya mazoezi ya peke yake, na kujijengea imani kwamba kila anayemweka kando ni deni la kulipwa. Baada ya fainali ya 2015 alisimulia kwamba kabla ya mashindano, akiwa mazoezini peke yake nyumbani, alijiona akilini akifunga mabao manne katika fainali ya Kombe la Dunia. Akafunga matatu. Na yote matatu ndani ya dakika 16 za kwanza.

Lile la tatu linastahili kuangaliwa tena taratibu. Lloyd anaupata mpira karibu na mstari wa katikati, anamhepa mtu mmoja, anainua kichwa. Mchezaji wa kawaida pale anainua kichwa kumtafuta mwenzake. Yeye anamtafuta kipa. Ayumi Kaihori amesogea mbele mno, na Lloyd anaupiga kutoka palepale katikati ya uwanja. Kaihori anarudi kinyumenyume, anapepesuka, anaugusa kwa kiganja, mpira unagonga nguzo na kuingia. Ukiwa na timu ya watu wasio na ubinafsi hata chembe, bao lile halipo. Pasi ya pembeni ilikuwepo na ndiyo ambayo kitabu cha ukocha kingeipendekeza.

Sasa upande wa pili, maana upo na una miguu.

Kwanza, mabao yale ya 2015 hayakuota yenyewe. Mechi za mwanzo za mashindano yale Lloyd alionekana mzito, amefungwa pamoja na Lauren Holiday katikati, wote wawili wakilazimika kukaba na kushambulia kwa zamu. Kilichombadilisha ni kadi za njano. Holiday na Megan Rapinoe walikosa robo fainali dhidi ya China, kocha Jill Ellis akalazimika kumwingiza kiungo Morgan Brian, na mechi zilizofuata Brian akabaki nyuma kulinda. Lloyd akapata ruhusa ya kwenda mbele anavyotaka. Kazi ya Brian haionekani kwenye orodha ya wafungaji. Mshabiki wa Lloyd asiyemtaja Brian anadanganya kwa kunyamaza.

Pili, 2019. Ellis alimweka benchi, akaanza mechi moja tu, dhidi ya Chile, akafunga mawili na kukosa penalti. Mabao hayo, pamoja na lile la Thailand, yalimfanya kuwa wa kwanza kufunga katika mechi sita mfululizo za Kombe la Dunia. Baada ya hapo akawa mtu wa kuingia dakika za lala salama. Marekani wakatwaa kombe, Rapinoe na Rose Lavelle wakifunga fainali dhidi ya Uholanzi. Lloyd hakuficha maumivu yake, na baadaye akasema kile kilikuwa kipindi kibaya kuliko vyote katika maisha yake ya uwanjani. Hapa nampa Ellis haki yake yote. Lavelle na Sam Mewis walikuwa wepesi zaidi, Lloyd alikuwa na miaka 36 akielekea 37, na matokeo hayabishaniwi. Kocha mwenye wachezaji 23 hawezi kupanga timu kwa kuogopa huzuni ya mmoja.

Lakini kuumia benchi si kosa. Alilalamika, kisha akaingia alipoitwa, akakimbia. Sijasikia aliyedai kwamba alicheza chini ya kiwango ili kumkomoa kocha. Wanaume wangapi wamesifiwa kwa "roho ya ushindani" kwa kununa hivyohivyo?

Tuhuma ya ubinafsi pia inapata shida inapogusa mambo ya nje ya uwanja. Machi 2016, akiwa ndiye mchezaji bora wa dunia na hana haja ya kujiingiza kwenye ugomvi, Lloyd alikuwa mmoja wa watano waliopeleka malalamiko ya ubaguzi wa mishahara dhidi ya shirikisho lao, pamoja na Rapinoe, Alex Morgan, Hope Solo na Becky Sauerbrunn. Mapambano hayo yaliishia kwenye suluhu ya dola milioni 24 mwaka 2022, yeye ameshastaafu. Na fainali ileile ya Vancouver, Abby Wambach alipoingia dakika za mwisho katika Kombe lake la Dunia la mwisho, Lloyd alivua kitambaa cha unahodha na kumvalisha mkononi mwenyewe. Mtu aliyefunga matatu usiku ule!

Kuhusu Auckland, nadhani alikosea nusu. Kuhusu mpira alisema kweli: Marekani walicheza vibaya na bahati iliwabeba. Kuhusu tabasamu alichanganya uso na moyo, kwa sababu mtu anaweza kumchekea mtoto anayeomba picha na bado usiku asilale. Wanaosema matokeo yalimpa haki nao wanaharakisha. Siku tano baadaye Marekani walitolewa na Sweden kwa penalti huko Melbourne, lakini ile ndiyo ilikuwa mechi yao bora ya mashindano. Njaa ilikuwepo siku hiyo, kilichokosekana ni bao. Lloyd mwenyewe anajua penalti zinavyofanya, maana ya kwake katika fainali ya 2011 ilipaa juu ya mtambaa wa panya.

Gharama ya ukali huo, aliilipa yeye kwanza. Kwa miaka kama 12 hakuwa na uhusiano na wazazi wake, wakapatana 2020 baada ya yeye na Galanis kutengana. Mwaka 2025, akiingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa soka la Marekani, alisema aliishi kama mashine, kwamba aliamini hiyo ndiyo njia pekee ya kutolegea, na kwamba anajutia kutowaruhusu watu wamfahamu zaidi. Baadhi ya waliomsikia walichukua maneno hayo kama kukiri kosa. Mimi niliyasikia tofauti: hakusema angecheza vingine. Mechi 316, mabao 134, na bado hajaomba radhi kwa hata moja.