Usr bin Nani?

Ami yangu ndiye mtunza nasaba ya ukoo wetu. Ana vizazi saba kichwani, na jioni moja alinisomea vyote mimi nikichapa: fulani bin fulani bin fulani, mpaka vidole vikaingia ganzi. Nilipomaliza, faili likataka jina. Kwa uchovu nikaliita bin.txt.

Siku mbili baadaye akaja na miwani yake, anataka kuiona orodha. Mtu mwenye akili zake angefungua folda ya Nyaraka akatazama. Mimi nikaona hapa ndipo pa kumthibitishia ami kwamba ada aliyonilipia haikupotea bure. Nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikakaa sawasawa kitini, nikaandika locate bin, yaani nitafutie faili lenye neno bin.

Sifa ya locate ni kasi. Haihangaiki kupita diski nzima folda kwa folda kama amri mwenzake, find. Inasoma faharasa iliyokwisha kuandaliwa, ujanja ambao James A. Woods aliueleza tangu 1983. Kasoro yake, kama ni kasoro, ni kwamba usipoibana hulinganisha neno lako na njia nzima ya faili, yaani jina pamoja na folda zote lilimo, si jina peke yake. Na katika Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, amri nyingi hukaa wapi? /usr/bin.

Kufumba na kufumbua, maelfu ya mistari. Nikaanza kupandisha skrini nikitafuta wa kwangu, na ami akasogeza kiti akawa anasoma kwa sauti, kidole kwenye kioo.

"Usr bin Cat. Usr bin Cut. Usr bin Kill." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena. "Usr bin Who. Usr bin Yes." Akanigeukia. "Huyu Usr ana baba wangapi?"

"Si wa kwetu, ami."

"Alhamdulillahi."

Nikaibana amri: locate -b '\bin.txt', yaani nataka jina hilo kamili, si ndugu zake. Mstari mmoja tu ukatoka, na ni ule ule wa folda ya Nyaraka. Nikatabasamu kwa madaha, nikaamuru faili lifunguke. Jibu: hakuna faili wala folda kama hiyo.

Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwa mtoto wa dada yangu, wa miaka tisa, ambaye asubuhi ile alikuwa kwenye kompyuta akicheza gemu. Nikamhoji kwa ukali. Akaapa. Ami akaketi kama kadhi, akamtaka aape tena. Akaapa tena, safari hii na kamasi.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba faharasa ile hutengenezwa mara moja kwa siku, na kwamba inachokiorodhesha ni hali ya diski kama ilivyokuwa wakati huo. Faili likihama asubuhi, locate itaendelea kukutajia anwani ya jana bila haya, labda uiongezee -e ihakikishe kwanza kama mwenyewe bado yupo. Nikaendesha sudo updatedb ili kuisasisha, nikatafuta upya.

Kimya. Hata ule mstari mmoja haupo.

"Umeufuta ukoo," ami akasema.

Jasho lilinitoka, sikatai. Ami, ambaye redio zote alizowahi kumiliki amezitibu kwa dawa moja, akashauri nizime niwashe. Nami kwa kihoro nikatii. Ilipowaka nikaandika history | grep bin.txt, yaani nichujie amri zilizopita zenye jina hilo, walau nijue mkosaji alitumia ipi.

Mtoto ndiye aliyeuona mstari wa kwanza. "Mjomba, m v ni nini?"

mv Nyaraka/bin.txt /tmp/

Ni kuhamisha, mwanangu. Na aliyehamisha ni mimi, asubuhi nikiwa na chai mkononi, nikitaka kuyapanga majina pembeni "kwa muda". Kwenye mashine yangu /tmp, folda ya vitu vya muda, imo katika orodha ya PRUNEPATHS ndani ya /etc/updatedb.conf, yaani folda ambazo updatedb huziruka, ndiyo maana locate haikuiona. Tena /tmp yangu hukaa kwenye memori, ambayo hufutika mashine ikizimwa. Faili lilikuwepo, zima na salama, mpaka pale nilipozima nikawasha.

Mtoto akaombwa radhi na watu wazima wawili, akadai gemu la saa nzima, akapewa.

Ami hakugomba. Alivuta pumzi, akafumba macho, akaanza upya kizazi cha kwanza, nami nikachapa. Tulipofika mwisho akaufunika mkono wangu juu ya kibodi.

"Jina safari hii nalitoa mimi, lisije likachanganywa na wale wengine. Andika: usr-si-wetu."

Nikaandika. Sikuwa na moyo wa kumweleza nitaletewa nini siku nikitafuta usr.