Nyapara wa Bibi Kwenye Hifadhi ya Chuo

Wengi wetu hufungua hifadhi ya kidijitali ya maktaba ya chuo kwa shida moja tu: kusaka tasnifu ya mtu mwingine, tuone sura ya pili aliiandikaje. Tukiipata tunapakua, tunatoka. Ni sawa na kwenda soko la Owino, Kampala, kununua vifungo vya shati na kurudi nyumbani bila hata kupita kwenye mitumba.

Chukua Chuo Kikuu cha Makerere, hapa Uganda. Tangu 1958 sheria imeitaka maktaba yake ipelekewe nakala ya kila kinachochapishwa nchini. Upande wa muziki ndio unaonipotezea usingizi. Klaus Wachsmann, aliyeongoza Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alizunguka nchi na mashine yake akinasa nyimbo, zikafika kama 1,500. Kanda zikaishia London, na miaka mingi baadaye nakala zikarudi kilimani Makerere, kwenye hifadhi inayobeba jina lake. Aliyenasa tunamjua. Walioimba je?

Swali hilo lilinijia vizuri nikiwa kwenye hifadhi ya chuo kingine, ambacho sitakitaja. Nilikuta rekodi ya miaka ya 1950 yenye maelezo haya tu: wimbo wa wanawake, Bukedi. Basi. Bukedi ni eneo la mashariki mwa Uganda, na Busia imo humo. Nikampigia bibi yangu Busia, ana miaka 88, nikasogeza simu kwenye spika ya kompyuta. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuitikia. Akacheka.

“Huo tuliuimba shambani tukichuma pamba,” akasema. “Tulikuwa tunamsema nyapara. Mwenyewe alikuwa anasimama pale anatikisa kichwa, anadhani anasifiwa!”

Hakuna msomi aliyewahi kuyaandika hayo pale. Nikajaribu kuyaongeza mimi. Mfumo ukanidai namba ya mwanafunzi. Bibi yangu hakupita hata darasa la nne, hiyo namba ataitoa wapi?

Jengo Kuu la Makerere lilipoungua usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020, kila mtu alihubiri habari ya kuskani karatasi kabla hazijageuka majivu. Sikatai. Ila kuskani ni kazi ya mashine na kijana mvumilivu. Maelezo ndiyo yenye kazi, na wanaoyajua wako Busia, Tororo, Arua, hawana akaunti popote. Vyuo vina wanafunzi wanaorudi kijijini kila likizo na simu mkononi. Wapewe nyimbo kumi kumi wakawasikilizishe wazee, waandike wanachoambiwa, kwa Kisamia, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote itakayotoka. Hata wazee wakibishana, ubishi wenyewe uandikwe.

Nimeiandikia maktaba ile barua pepe, wiki ya tano sasa. Kila Jumapili bibi ananipigia. Salamu haziishi vizuri, ameshauliza kama wamemweka nyapara wake.