Upimaji wa mate shuleni: tatizo kubwa huanza baada ya majibu

Kuanzia Mei 2021, watoto wa shule za msingi katika jimbo la North Rhine-Westphalia, Ujerumani, walikuwa wakifika darasani na kunyonya kijiti cha pamba kwa sekunde 30, mara mbili kwa wiki, kama wanavyonyonya pipi ya kijiti. Vijiti vya darasa zima vilitiwa kwenye kichupa kimoja, dereva akapita kuvikusanya, maabara ikavipima kwa PCR, kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya virusi, kana kwamba ni sampuli ya mtu mmoja. Kabla ya kengele ya kesho yake shule ilikuwa imepata majibu. Kichupa kikiwa safi, masomo yaliendelea. Kikikutwa na virusi vya korona, darasa lilibaki nyumbani hadi kila mtoto apimwe peke yake. Mpango ulihusu shule zaidi ya 3,700 na watoto zaidi ya 700,000.

Hakuna mfano bora wa kutazama uzuri na udhaifu wa kupima mate shuleni kila wiki, kwa sababu ulifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa, kisha ukakwama mbele ya macho ya kila mtu.

Nianze na uzuri wake, kwani wanaoupinga huupita haraka. Mtoto wa miaka sita akiingizwa kijiti kirefu puani mara moja, mara ya pili anakimbilia mgongoni kwa mama yake. Huwezi kumfanyia hivyo mwaka mzima. Mate hayamuumizi, wala hayahitaji nesi, na mwalimu anaweza kusimamia zoezi huku akiita mahudhurio. Gharama nayo ilishuka. Agosti 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha SalivaDirect cha Chuo Kikuu cha Yale, ambacho kiliruka hatua ya kuchuja vinasaba vya virusi, hatua iliyokuwa ikila muda na vifaa adimu. Watafiti walikadiria kemikali zake kugharimu kati ya dola 1.29 na 4.37 kwa sampuli. Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana-Champaign, kilipasha mate moto wa nyuzi 95 kwa nusu saa na kuyapeleka moja kwa moja kwenye mashine. Na wimbi la Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona, lilipoanza, watafiti wa Cape Town walikuta kwamba kwa kirusi hicho mate yalikuwa yakigundua maambukizi vizuri kuliko pua, ingawa kwa Delta, aina iliyoitangulia, ilikuwa kinyume chake.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni kwamba mtoto mwenye virusi mara nyingi haonyeshi dalili. Shule inayosubiri mafua na kikohozi inasubiri kitu kilichokwisha kupita madawati matatu.

Lakini kujua ni jambo moja, na watu kufanya nini na walichokijua ni jambo jingine. Illinois ilionja hilo mapema. Kuanzia Agosti 2020 chuo kiliwapima wanafunzi mara mbili kwa wiki, zaidi ya sampuli 10,000 kwa siku. Wanafizikia waliotengeneza hesabu za mpango, Nigel Goldenfeld na Sergei Maslov, walishaweka ndani yake kwamba vijana watafanya sherehe. Hawakuwa wameweka kwamba baadhi ya waliokwishaambiwa wana virusi wataendelea kwenda kwenye sherehe hizo. Maambukizi yakapanda ndani ya wiki chache, hadi chuo kikabana matembezi ya wanafunzi, ndipo yakashuka. Mashine zilikuwa zilezile kabla na baada. Kilichobadilika ni mwenendo wa watu.

Turudi Ujerumani, maana pale kosa lilikuwa la aina nyingine na linahitaji hesabu kidogo. Chukua darasa la watoto 25, na tuseme virusi vimesambaa bila mpangilio. Ikiwa mtoto mmoja kati ya 1,000 ameambukizwa, katika kila vichupa 100 ni viwili au vitatu tu vitakavyokutwa na virusi. Kazi ya maabara ni ndogo, fedha nyingi zimeokolewa. Ikiwa ni mmoja kati ya 100, vichupa 22 vitakuwa na virusi. Wakifika watano kati ya 100, ni vichupa 72. Sasa karibu robo tatu ya madarasa yanataka kila mtoto apimwe upya, na nafuu ya kuchanganya sampuli imeyeyuka siku ileile ambayo ugonjwa umekuwa mwingi na maabara zinahitajika hospitalini.

Ndicho kilichotokea. Januari 2022, Omikroni ikiwa juu, maabara zilielemewa. Majibu yaliyokuwa yakifika alfajiri yakaanza kuchelewa, na serikali ya jimbo ikatangaza kwamba watoto wa darasa lililokutwa na virusi hawatapimwa tena mmoja mmoja kwa PCR, watatumia vipimo vya haraka. Mwezi uliofuata kunyonya vijiti kukaachwa katika shule nyingi za msingi. Mzazi aliyeambiwa Jumatano kwamba Jumatatu darasani palikuwa na mwenye virusi, bila kujua ni nani, ameongezewa hofu tu. Kwa maoni yangu, majibu yanayopita saa 24 hayastahili kuitwa kinga, na serikali isiyoweza kuyaahidi wakati wa wimbi isiwaahidi wazazi wakati wa shwari.

Wapinzani wana hoja nyingine mbili nzito. Ya kwanza ni ya majibu ya uongo. Shule ya wanafunzi 1,000 ina wenye virusi wawili. Kipimo cha haraka kinachokosea mara moja tu kwa kila watu 100 wasio na virusi kitawataja kama kumi wasio na chochote. Wengi wa watakaorudishwa nyumbani siku hiyo hawaumwi.

Ya pili inahusu nyumba. Ufaransa ilipoanza kupima mate katika shule za msingi mwaka 2021, chini ya waziri wa elimu Jean-Michel Blanquer, ridhaa ya mzazi ilikuwa sharti, na si wazazi wote waliitoa. Ni rahisi kuwalaumu. Ila mzazi asiye na ruhusa yenye malipo anajua kwamba majibu hayo ya mtoto yanamgharimu ujira wa wiki nzima. Ukimtaka akubali, mlipe siku hizo. Bila hivyo anayefikiwa na upimaji ni mwenye uwezo wa kukaa nyumbani, na penye virusi vingi zaidi panabaki gizani.

Uingereza ilionyesha njia ya kupunguza adhabu hii. Utafiti katika shule na vyuo 201 vya huko, uliochapishwa mwaka 2021, ulilinganisha kuwafungia nyumbani waliokaa karibu na mgonjwa na kuwaacha waje shule huku wakipimwa kila siku. Maambukizi hayakutofautiana kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Vipimo vile vilikuwa vya haraka vya pua, si mate, lakini funzo linahusu vyote: kipimo kinachombakiza mtoto darasani kitapokewa na wazazi, kinachomtoa kitakwepwa.

Na huku kwetu? Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022, ukiacha vipindi vifupi ambavyo baadhi ya madarasa yalirudi. Kuna wasichana walioondoka darasa la sita na hawakurudi tena, wana watoto wao sasa. Nikikumbuka hilo siwezi kukubali kauli kwamba upimaji shuleni ni anasa ya matajiri. Kufunga kuliumiza kuliko vijiti vya pamba.

Hata hivyo singeshauri kuiga ratiba ya Ujerumani katika shule ya kutwa yenye watoto 100 darasani na maabara iliyo safari ya nusu siku. Fedha hizo zingefanya kazi zaidi kwenye madirisha yanayofunguka na maji ya bomba. Ningeanza na shule za bweni. Siku ya kufungua muhula wanafunzi wanashuka kwenye mabasi kutoka mikoa yote, na usiku uleule wanalala kitanda juu ya kitanda. Mate yakikusanywa getini kabla ya kugawiwa vitanda, kichupa kimoja kwa kila kundi la watu kumi, kisha zoezi likarudiwa siku chache baadaye kuwanasa walioambukizwa njiani, shule itakuwa imefunga mlango mkubwa kwa vipimo vichache.

Hilo nalo linadai maandalizi ambayo wizara hupenda kuyaacha kwa mwalimu mkuu. Chumba cha wagonjwa kiwe na vitanda vya kutosha na matroni wa kukaa nacho usiku. Atakayekutwa na virusi aletewe chakula na daftari, asirudishwe kwenye basi lililojaa kwenda kwa bibi yake. Na jina lake lisisomwe kwenye paredi.