Msafara wa Baiskeli Usianze Saa 4

Juzi jioni, pale mtaani Mwanga, hapa Kigoma, kijana mmoja alinikabidhi karatasi ya tangazo kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi kubwa, na kweli ameifanya. Yeye na wenzake wameandaa msafara wa baiskeli za milimani kutoka mjini Kigoma, kupitia Mwandiga, hadi Kalinzi, Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Niliisoma kwa faraja mpaka nilipofika kwenye mstari wa muda: kukusanyika saa 3, kuondoka saa 4 asubuhi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, saa hii ibadilisheni." Akanijibu kwa heshima, "Kaka, watu wa Kigoma tumelizoea jua." Usiku ule sikulala vizuri.

Maneno hayo hayo niliyasikia kwa mpwa wangu, Februari ya mwaka juzi, tulipokwenda Pemba kwa ajili ya msafara kama huu. Ukitazama ramani utaona kwamba Kigoma na Pemba ziko karibu kwenye mstari mmoja, nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta, na sisi tuliamini kwamba tunakwenda kukutana na jua lile lile tunaloliacha nyumbani. Mpwa wangu huupanda mlima wa Kalinzi bila kushuka kwenye baiskeli, kwa hiyo alipoambiwa kwamba vilima vya kisiwa kile havifiki hata mita 150, aliona kwamba kazi imekwisha kabla ya kuanza. Hatukukumbuka kwamba ziwa letu lenyewe, Tanganyika, limekaa mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na kwamba hewa ya huku juu ni nafuu kuliko ya pwani. Wala hatukukumbuka kwamba Februari ni msimu wa Kaskazi, ambapo hewa ya kisiwani hujaa unyevu kiasi kwamba shati ulilolifua usiku unalikuta bichi asubuhi.

Tulipangiwa kuondoka Chake Chake saa 12 na nusu. Wageni wakasubiriwa, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, na tulipokanyaga pedali ilikuwa saa 4. Kwenye lami hakuna aliyelalamika, kwa sababu mwendo wa baiskeli hukutengenezea upepo wako mwenyewe. Taabu ilianza tulipoiacha barabara na kuingia njia za udongo mwekundu katikati ya mikarafuu, tukielekea kaskazini.

Jambo hili naomba lieleweke vizuri, maana ndilo linalotofautisha baiskeli ya milimani na baiskeli nyingine zote. Misuli ya mwendeshaji hupeleka kwenye pedali kama robo tu ya nguvu inayotumia, na sehemu kubwa iliyobaki inakuwa joto ndani ya mwili. Joto hilo hutolewa hasa na jasho, lakini jasho linapoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka chini limepotea bure. Sasa fikiria mlima. Unapopanda, misuli inafanya kazi kuliko wakati wowote, ilhali mwendo wako umeshuka ukawa wa mtu atembeaye kwa miguu, na ule upepo wako umekwisha. Miti imeziba upepo wa baharini, hewa imeshiba maji haiwezi kupokea jasho lako, na jua liko juu ya helmeti. Milango yote ya kutolea joto imefungwa kwa wakati mmoja, na mtu mwenye miguu yenye nguvu ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu miguu yake inamruhusu kuendelea pale ambapo mnyonge angekwisha kushuka na kukokota baiskeli yake kivulini.

Nilikuwa nyuma ya mpwa wangu nilipomwona akiyumba. Alisimama, akanigeukia, akaniuliza helmeti yake iko wapi, nayo ilikuwa kichwani mwake. Nilipomjibu, aliuliza tena. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Wenzetu walianza kupiga simu kutafuta gari, na mmoja akasema tusimguse mpaka wataalamu wafike. Bibi mmoja aliyekuwa akichota maji kisimani karibu na pale hakusubiri simu ya mtu. Alisema, "Wanangu, mwageni maji kwanza, gari litamkuta," akammiminia ndoo nzima kuanzia utosini, kisha akarudi kisimani kuijaza nyingine, nasi tukaamka usingizini tukamfuata. Hospitalini daktari alitueleza kwamba mpwa wangu alipata kiharusi cha joto, kwamba mtu anayeanza kusema maneno yasiyo na mpangilio huku mwili ukiunguza apozwe hapo hapo alipo kabla ya kusafirishwa, na kwamba zile ndoo za kisimani ndizo zilizomwokoa. Nimekaa na deni la bibi yule mpaka leo, na jina lake silijui.

Kijana wa tangazo alinikumbusha kwamba hata Olimpiki ya 1996 kule Atlanta, baiskeli za milimani ziliposhindaniwa kwa mara ya kwanza katika michezo hiyo, watu walishindana kwenye joto la Julai. Ni kweli. Lakini wale walikuwa watu wanaoishi kwa mchezo huo, na mwili wa binadamu huhitaji kama siku 10 hadi 14 za mazoezi ndani ya joto ndipo ulizoee vizuri. Tangazo lake linawaalika wanafunzi na watumishi wa ofisini wanaoigusa baiskeli mwisho wa wiki.

Nakubali pia, ingawa si kwa moyo mweupe, kwamba saa 4 ya Kigoma si saa 4 ya Pemba. Sisi tuko mbali magharibi huku tukifuata saa moja na wenzetu wa pwani, kwa hiyo jua letu linachelewa kwa dakika kama 40. Saa 12 kamili alfajiri huku bado ni giza, na kuteremka mlima gizani pamoja na malori ni hatari ambayo siwezi kuikana. Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo ndiyo inayowahukumu waandaaji. Kama jua linachelewa kuchomoza, basi linachelewa pia kufika utosini, na kwetu linafika hapo karibu saa 7 mchana. Msafara unaoondoka saa 4 na kutumia saa tatu unawafikisha watu kwenye mlima mkali zaidi wa safari yote saa ile ile ambapo hakuna hata kivuli cha mti wa kujibanza. Tena mwishoni mwa Septemba jua linapita karibu wima juu ya vichwa vyetu, nyasi za milimani zimekauka au zimechomwa, na mvua bado. Ukavu huo una hila yake: Pemba jasho lilitutiririka tukaliona, lakini huku linakauka papo hapo, mwendeshaji anadhani hajapoteza maji, mpaka aone mistari myeupe ya chumvi kwenye fulana yake. Maji peke yake hayatoshi, watu wabebe na chumvi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba elimu hii haihitaji kuagizwa kutoka popote. Nimekulia kando ya barabara ya Mwandiga, na sauti niliyoamka nayo utotoni ni ya breki za baiskeli za wabeba mizigo wakiteremka kutoka milimani na mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa, tochi zimefungwa kwenye usukani kwa mpira, kabla jogoo hajamaliza kuwika. Wale walikuwa waendesha baiskeli za milimani kabla neno hilo halijatufikia. Baiskeli zao hazikuwa na gia, karia imeongezwa vyuma na fundi wa mtaani, na breki ya nyuma wengine waliisaidia kwa kandambili. Sijapata kuona hata mmoja akipanda mlima na mzigo saa 7 mchana kwa hiari yake. Wanateremka alfajiri, wanauza, wanalala chini ya mwembe, na jua likilegea, kuanzia saa 10 jioni, wanaanza kukokota baiskeli kurudi juu. Mzee mmoja aliyekuwa akimletea mama yangu ndizi niliwahi kumuuliza kwa nini hasubiri pakuche vizuri. Alinijibu, "Mwanangu, jua likinikuta sijafika Mwandiga, mkungu mmoja unakuwa miwili." Alikuwa akizungumza kwa vipimo alivyovipata mgongoni mwake, naye hakuna mwandaaji wa msafara aliyewahi kumfuata kumwuliza njia ya Kalinzi ipandwe saa ngapi.

Nimesikia hoja ya picha, kwamba mwanga wa asubuhi sana haupendezi na wafadhili wanataka kuona nyuso. Mwanga wa saa 1 na nusu juu ya vilima vyetu, ziwa likionekana kwa chini na milima ya Kongo ikianza kujitokeza ng'ambo, sijui mpiga picha gani angeukataa. Nimesikia pia kwamba vijana hawaamki. Vijana hao hao huamka saa 10 usiku kuwahi basi la Kasulu.

Ninachoomba ni hiki. Watu wakusanyike saa 12 asubuhi, waondoke saa 12 na nusu panapoanza kupambazuka, na atakayekuwa hajafika Kalinzi saa 4 apakiwe kwenye gari bila mjadala na bila aibu. Wanaofika wapumzike kivulini, wale, walale, wateremke jioni. Kila kituo kiwe na mapipa ya maji ya kumwagia watu, mbali na yale ya kunywa, na wasaidizi waelezwe kwamba anayechanganyikiwa anapozwa kwanza, gari baadaye. Mpwa wangu amekubali kusimama kwenye kituo cha mwisho, pale mlima unapokaza, kwa sababu anaijua dalili ile kutoka ndani.

Kijana aliniambia kwamba zimekwisha kuchapishwa karatasi 200 na kwamba fedha za kuchapisha nyingine hazipo. Hizo 200 azilete kwangu Mwanga kabla ya Ijumaa. Mpya nitazilipia mimi.