"Abee" sio kitambulisho

Wiki iliyopita nimelala wodini siku tatu namuuguza mama, alilazwa na nimonia, na usiku wa pili kidogo tu achomwe insulini isiyo yake. Mama hana sukari. Hajawahi kuwa na sukari.

Ilikuwa hivi. Mchana walimhamisha kitanda wakamsogeza karibu na oksijeni, namba 7, na bibi aliyekuwa namba 7 akapelekwa kule dirishani. Saa nne usiku nesi kaja na trei, juu yake kile kibomba chembamba chenye kifuniko cha rangi ya chungwa, akasimama miguuni pa kitanda akaita jina la yule bibi. Mama akaitika "abee". Kasinzia, homa imempanda, na mama yangu mtu yeyote akiita karibu yake anaitika abee, ndivyo alivyolelewa. Nesi akaanza kumkunja mkono wa gauni. Nikadakia, sista hiyo sindano ya nini? Ya sukari. Sista, huyu hana sukari! Akaganda, akaangalia kikaratasi chake, kimeandikwa namba 7 na yuniti, basi.

Mpaka leo nikiikumbuka ile abee mwili unanisisimka. Mtu hana sukari, siku ya pili hali chakula cha maana, ukimpiga insulini usiku sukari inashuka akiwa amelala na kila anayepita anajua mgonjwa kapata usingizi.

Sasa nasema hivi, na nitalisema mpaka nichoke: usimtajie mgonjwa jina, muache akutajie yeye. "Mama, niambie majina yako matatu." Halafu unalinganisha na faili. Ukimuuliza "wewe ndo fulani?" wazee wetu watakwambia ndiyo, kwa heshima, kwa uchovu, kwa kuogopa koti jeupe, kwa sababu hajasikia vizuri. Na kitanda sio mtu, kitanda kinabadilishwa mchana zamu ya usiku haijui. Kama hawezi kuongea, muulize ndugu, angalia utepe wa mkononi, angalia faili, vyote, sio kimoja. Manesi wanafundishwa chuoni, mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi, na mgonjwa katajwa wa kwanza kabisa jamani.

Na sio kwamba hatujaumia. Novemba 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishana, wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. 2018 hospitali ya Kenyatta, Nairobi, vitambulisho vya wagonjwa vikachanganywa, mtu asiyehitaji upasuaji akafunguliwa fuvu. Ule ni upasuaji, chumba kimejaa watu. Sasa fikiria sindano ya saa nne usiku na nesi yuko peke yake.

Najua mtaniambia kuhusu uchache wa watumishi. Sawa, nakubali, usiku ule nesi alikuwa mmoja na vitanda zaidi ya thelathini, ndugu wanamuita huku na huku hata akiwa anavuta dawa, na kumkatisha mtu anayevuta dawa ni kosa letu sisi tunaouguza. Wala sina kinyongo na yule sista, alitetemeka mpaka akakaa. Ila kuuliza majina ni sekunde tano. Hakuhitaji ajira mpya wala bajeti.

Yapo mengine, potasiamu ya kuchanganya kwenye dripu isikae rafu moja na maji ya sindano maana ikiingia mshipani bila kuchanganywa moyo unasimama, dozi ya mtoto 0.5 isiandikwe .5 nukta ikapotea ikawa 5, na yuniti za insulini ziandikwe kwa neno zima maana ile U ya haraka haraka inasomeka sifuri, 10 inakuwa 100. WHO, shirika la afya duniani, walianza kampeni ya hayo mambo tangu 2017, walitaka madhara makubwa ya makosa ya dawa yapungue nusu ndani ya miaka 5. Miaka 5 imeshapita.

Asubuhi nilimwambia mama, ukiitwa usiitike, taja majina yako. Akaniona nimekosa adabu. Ila jioni nesi mwingine alipofika na trei nikamsikia anajitaja, lake, la babu, la ukoo, halafu kwa sauti ya chini kabisa, "na hiyo ni dawa ya nini mwanangu?" Sista akamuonyesha kichupa, akamsomea.